Meza ya Kando ya Mtaro

Jumapili ile mchana sebule iligeuzwa ukumbi wa mitihani. Kochi lilisukumwa ukutani, meza ya kulia ikakokotwa katikati, na nyuma yake wakaketi watahini watatu: fundi friji, ambaye ndiye baba wa nyumba, akiwa amevaa koti lake la harusi juu ya kaptura, na binti zake pacha, mmoja ameshika sufuria na mwiko wa kugonga muda ukiisha, mwenzake amevaa miwani ya jua ili afanane na profesa. Mbele yao alisimama mama yao. Mtaani anaitwa Mama Pacha. Chuoni, huu mwaka wa saba, anaitwa mwanafunzi.

"Mtahiniwa," alisema fundi kwa sauti nzito, "tueleze kwa ufupi. Umegundua nini?"

"Nimegundua kwamba wafanyabiashara wa soko nililolichunguza wanamaliza ugomvi wao wenyewe. Hawaendi polisi, hawaendi mahakamani, wala hawana kiongozi wa kuwaamua. Wanakaa, wanazungumza, wanamaliza. Uamuzi ni wa wote."

"Wote?" aliuliza pacha wa miwani.

"Wote."

"Mbona sisi tuko wawili tu, tumezaliwa siku moja, na hatukubaliani?"

Fundi alicheka mpaka koti likamkaza mabegani. Mama Pacha naye alicheka, lakini kicheko chake kilikatika mapema. Tangu wiki iliyopita alikuwa halali vizuri, chakula anakigusagusa, na kila akiitwa anashtuka. Alhamisi ndiyo siku ya kutetea tasnifu. Akipita, anakuwa Daktari. Asipopita, anabaki vilevile, mwanamke wa miaka arobaini na miwili anayebeba mkoba wa mwanafunzi.

Nyumba nyingine hufuga kuku, nyingine hufuga madeni. Hii ilifuga tasnifu. Makaratasi yake yalikaa ndani ya friji bovu kando ya mlango, kwa kuwa panya hawajui kufungua friji, na fundi hakuwahi kupata nafasi ya kutengeneza la kwake. Pacha walijua kusema "Mama anaandika" kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Ada ilipokosekana, fundi aliuza gesi ya akiba, kisha akauza mtungi wenyewe. Dada yake alipomuuliza kwa dharau, "Huyu mkeo anasomea nini kisichoisha?" alijibu, "Anasomea kukaa na mawifi." Alimtetea nje, na ndani akanyamaza. Walikuwa wamechoka wote wanne.

Sufuria ilikuwa bado haijagongwa pale hodi ilipopigwa mlangoni.

Aliingia muuza vitunguu wa sokoni, mwanamke mnene wa makamo, viatu mkononi, miguu imelowa hadi vifundoni. Mama Pacha alimfahamu vizuri. Alikuwa mmoja wa wanawake aliowahoji kwa ajili ya tasnifu, tena mmoja wa wasemaji wazuri; maneno yake yalijaza nusu ukurasa wa sura ya nne.

"Karibu, mama. Karibu ukae."

"Nimekaa, mwanangu. Sitachelewa." Alimtazama fundi na kaptura yake, akaamua kutouliza. "Nimekuja kwako kwa sababu wewe ndiye msomi. Mwambie mama yako anirudishie nafasi yangu."

"Nafasi gani?"

"Meza yangu! Nimetolewa langoni, nimepelekwa kule mwisho, kando ya mtaro. Maji ya samaki yananipita hapa." Alijigusa kifundo. "Vitunguu vinaota ukungu. Wateja wakifika pale wanaziba pua, wanageuza."

"Nani amekutoa?"

Muuza vitunguu alimgeukia fundi kama mtu anayeuliza kama mke huyu hana homa. "Ananiuliza nani! Mama yako, nani mwingine? Pale nani anahamisha watu? Nilisema tu kwamba ile mizani yake siku hizi inapendelea muuzaji. Nilisema kwa mzaha, watu wakacheka. Kesho yake nikakuta vitu vyangu viko mtaroni."

Mama wa Mama Pacha aliuza maharage katika soko hilohilo. Aliitwa Mama Mizani, maana ndiye aliyekuwa na mizani ya uhakika na wote waliiazima.

"Lakini, mama," alisema Mama Pacha polepole, "mimi nina sauti yako. Uliniambia pale hakuna mkubwa. Mkikosana mnakaa, mnazungumza, mnamaliza."

"Ndiyo nilisema."

"Sasa?"

"Si tuliambiwa tuseme." Alisema bila haya yoyote, kama mtu anayekumbusha fadhila. "Kabla hujaja na kinasa sauti chako, mama yako alituita. Akasema, mwanangu anakuja na mtihani wake, na mtihani wenyewe ni nyinyi. Asiaibike. Mkiulizwa, semeni tunakaa, tunazungumza, tunamaliza. Tukafanya na mazoezi. Muuza mkaa alikuwa anasahau, anaanza na 'tunamaliza'. Tulicheka siku ile! Tulikusaidia, mwanangu, kwa moyo mmoja. Na kweli, si unapita Alhamisi?"

Pacha wa sufuria aligonga mwiko.

*

"Nyamaza mpaka Alhamisi," alisema fundi. Muuza vitunguu alikuwa ameondoka na ahadi isiyo na kichwa wala miguu, na pacha wametumwa nje kucheza. Koti lilikuwa limetundikwa kwenye kitasa.

"Nikiulizwa?"

"Nani atakuuliza? Yule msimamizi wako, Nukta?"

"Baba Pacha, sura ya nne yote ni uongo. Na ya tano imekaa juu ya ya nne. Mimi nimeandika 'msamiati wa pamoja wa maridhiano'. Msamiati wa pamoja! Kumbe ni kwaya, wamefundishwa wimbo."

"Wewe umewafundisha?"

"Hapana."

"Umebadilisha walichosema?"

"Hapana."

"Basi kosa si lako. Mimi nikiletewa friji, mwenyewe akaniambia limeanguka kumbe amelipiga teke, nitatengeneza nilichokikuta." Alianza kukunja meza, akagundua haikunjwi, akaiacha. "Sikiliza. Maji ukishayavulia nguo, yaoge. Miaka saba mimi nimekuwa nikisema mwakani, mwakani. Kwa wenye nyumba, kwa dada yangu, kwa watoto. Sina tena mwakani nyingine mfukoni."

Sauti yake haikuwa ya hasira. Ingekuwa ya hasira Mama Pacha angejua la kujibu. Alifungua friji, akatoa bunda la mahojiano, akaketi sakafuni na kuanza kuyasoma upya. Tunakaa, tunazungumza, tunamaliza. Muuza ndizi. Muuza vyombo. Muuza viatu vya mitumba, ambaye hakuwahi kumaliza sentensi bila kutukana, naye pia: tunakaa, tunazungumza, tunamaliza. Alikuwa ameyapigia mistari hayo mwenyewe, kwa kalamu ya kijani, na pembeni akaandika "Vizuri sana!" Alipouona mwandiko wake alitamani kulia, lakini akacheka, na kicheko hicho kilimwogopesha mumewe kuliko machozi.

*

Jumatatu aliamkia chuoni. Msimamizi wake alikuwa mzee mwembamba, mpole, aliyebakiza miezi michache kustaafu. Wanafunzi walimwita Mzee Nukta, kwa sababu katika kazi ya mtu aliona nukta na mikato tu. Ukimpelekea sura, baada ya msimu mzima inarudi imejaa wino mwekundu, na humo ndani hakuna swali hata moja.

Kumngoja Mzee Nukta kulikuwa sehemu ya shahada. Palikuwa na benchi la wangojaji kwenye ujia, ubao wake mmoja umelegea. Ukikaa upande huo unabanwa paja mwenzako akiinuka. Mama Pacha alilijua. Alikaa upande mzima, mkoba magotini. Kijana mmoja aliyevaa tai alipita na rundo la karatasi za mitihani, akasimama.

"Mwalimu! Bado upo?"

Mama Pacha alimfundisha kijana huyo katika mwaka wake wa kwanza, zama hizo akiwasahihishia wahadhiri kazi za wanafunzi. Sasa kijana alikuwa mhadhiri, na jina lake limebandikwa mlangoni.

"Nipo, mwanangu. Alhamisi namaliza."

"Mungu mkubwa," alisema kijana, kwa huruma ya kweli, na huruma ile ikamchoma zaidi ya kebehi.

Mzee Nukta alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alivua miwani, akaipangusa kwa tai, akaivaa, akaivua tena.

"Mama yako hukumhoji."

"Ulinikataza wewe, Profesa. Ulisema ndugu hahojiwi, utafiti utaingia upendeleo."

"Nilisema. Ndiyo kanuni." Alivuta droo, akaifunga bila kutoa kitu. "Sasa nisikilize, binti. Ulichoambiwa ndicho ulichokiandika. Wewe si polisi wa kusaka nani kasema kweli. Mtahini wa nje ameshafika, hoteli imelipwa. Ukienda kusema hayo, wataniuliza mimi nilikuwa wapi."

"Ulikuwa wapi, Profesa?"

Swali lilimtoka kabla hajalipima. Mzee hakukasirika. Uso wake ukawa wa mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

"Nilikuwa nakusahihisha," alisema. "Ukurasa wa tarakimu za soko umeweka mkato mahali pa nukta. Rekebisha. Na hayo mengine, nani atakuuliza?"

Maneno yaleyale ya fundi. Mama Pacha alitoka akiwa na hakika kwamba ataulizwa.

*

Jumanne alikwenda sokoni. Mama Mizani alikuwa nyuma ya meza yake, langoni kabisa, mahali ambapo hakuna mteja awezaye kuingia bila kumsalimu. Alikuwa akimpimia mtu maharage, na mkono wake ulimimina, ukasita, ukaongeza punje chache, kama siku zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Daktari wangu." Alisema kwa sauti ya kusikika meza tatu za mbele. "Alhamisi tunakuja. Nimeshakodi gari. Nimewaambia wote wavae vizuri, asije mtu na aproni."

"Mama, uliwafundisha watu cha kuniambia?"

Mama Mizani alimrudishia mteja chenji yake, akamtakia siku njema, akangoja aondoke.

"Nani amekuambia? Yule wa mtaroni?"

"Ni kweli?"

"Ni kweli. Ulitaka waseme nini? Kwamba wanagombana kama kuku? Kwamba fulani alimmwagia fulani maji ya moto? Uyaandike hayo kwenye kitabu, watu wa chuo wasome, waseme kumbe huyu ndiko alikotoka?" Alianza kupanga mawe ya mizani, kubwa kwa dogo. "Mama hufunika, mwanangu. Nilikufunika."

"Na wewe je? Kwa nini hukuniambia kwamba ni wewe unayeamua hapa?"

"Uliniuliza?"

Mama Pacha aliokota punje ya maharage iliyodondoka, akairudisha mezani.

"Ulipita hapa na kidude chako," alisema mama yake, na sasa sauti yake ilishuka. "Ukamuuliza muuza ndizi. Ukamuuliza muuza mkaa, asiyejua hata siku aliyozaliwa. Ukamuuliza mwendawazimu yule wa viatu. Watu wote ukawakalisha, ukawaambia maoni yenu ni muhimu. Mimi ukaniambia, mama naomba maji ya kunywa. Ukaniruka kama dimbwi."

"Ilikuwa kanuni, mama. Ndugu hahojiwi."

"Basi na hiyo kanuni ndiyo ikutetee Alhamisi."

Aliumia, na hakujificha. Mama Pacha alitaka kumshika mkono, lakini mteja mwingine alifika na mizani ikaanza tena kupanda na kushuka kati yao.

"Mama, nakuomba Alhamisi usije."

"Utasemaje huko?"

"Sijui."

"Basi nitakuja nisikie."

*

Ukumbi wa kutetea ulikuwa na viti vyenye meza ndogo ubavuni, mashine ya kurushia picha ukutani iliyovuma kama nzi, na chupa za maji kwa watahini peke yao. Fundi aliketi safu ya pili na koti lake, safari hii juu ya suruali. Nyuma kabisa walijaa kina mama wa soko, wamenyooka, mikoba mapajani, kila mmoja ametulia kuliko alivyowahi kutulia maishani. Katikati yao Mama Mizani, na ubavuni mwake kabisa, muuza vitunguu. Mama Mizani ndiye aliyemkalisha hapo.

Wasilisho lilikwenda vizuri. Mama Pacha alikuwa mwalimu mzuri. Mzee Nukta alitikisa kichwa kila sentensi ilipofika mwisho. Mtahini wa ndani aliuliza kuhusu idadi ya wahojiwa, akajibiwa, akaridhika. Fundi alianza kupumua.

Ndipo mtahini wa nje alipokohoa kwenye leso yake. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye mafua, na nakala yake ya tasnifu ilivimba kwa vikaratasi alivyobandika ndani.

"Nimesoma na viambatisho," alisema. "Mahojiano yote. Nina swali moja tu. Karibu kila mhojiwa anasema, tunakaa, tunazungumza, tunamaliza. Maneno hayo, kwa mpangilio huo. Mmoja tu ndiye aliyeanza na tunamaliza, kisha akajirekebisha. Wewe umeliita jambo hili msamiati wa pamoja. Unaniambiaje?"

Safu ya nyuma kiti kililia. Muuza mkaa alikuwa amejiinamia.

Kalamu ya Mzee Nukta ilisimama. Mama Pacha alikuwa na jibu tayari, jibu zuri, ukurasa mzima aliokariri: jamii zinazoishi kwa kutegemeana hujijengea lugha moja ya kusema juu ya mapatano. Alianza hata kulisema. "Jamii zinazoishi kwa kutegemeana," alisema, na macho yake yakakutana na ya mumewe. Fundi alikuwa akimwitikia kwa kichwa, polepole, anambembeleza kama mtu anayemvusha mtoto barabara. Alimpenda sana wakati ule. Alijua pia kwamba akiimaliza sentensi ile, kila atakayemwita Daktari baada ya leo atakuwa anamkumbusha kwaya ya sokoni.

"Walifundishwa," alisema.

"Samahani?"

"Walifundishwa kusema hivyo. Nimejua Jumapili. Waliniambia nilichopaswa kusikia, ili nisiaibike. Pale sokoni yupo mtu anayeamua. Anaamua nani akae langoni na nani akae mtaroni, na watu wanamtii. Nilimwacha nje ya utafiti."

"Kwa nini ulimwacha?"

"Kwa sababu ni mama yangu."

Vichwa viligeuka, kimoja kimoja, mpaka vyote vikawa vinatazama nyuma. Hakuna aliyehitaji kuonyeshwa ni yupi. Mama Mizani hakuinamisha uso. Alifunga mkoba wake, akainuka, akanyoosha nguo yake, akatembea kwenda mlangoni kwa mwendo wa mtu anayefunga duka lake kwa hiari yake.

Muuza ndizi akainuka. Muuza vyombo akainuka. Muuza viatu akaguna tusi lake, akainuka. Walimfuata mmoja baada ya mwingine, bila kuambizana, mpaka safu ikabaki na mtu mmoja, muuza vitunguu, nusu amekaa na nusu amesimama. Alimtazama Mama Pacha kwa macho ya kuomba radhi na ya kulaumu kwa pamoja. Kisha naye akatoka mbio, maana gari lilikuwa moja.

Mtahini wa nje aliitazama ile safu tupu. Alikohoa, akaandika kitu.

"Naona," alisema.

*

Walitolewa nje, wakangojeshwa kwenye benchi la ujiani. Fundi alikaa upande wa ubao uliolegea kwa kuwa hakuna aliyemwonya. Walipoitwa, mwenyekiti alisoma bila kuinua macho: mtahiniwa amepita kwa sharti la marekebisho makubwa. Sura ya nne na ya tano ziandikwe upya. Mahojiano yarudiwe. Mhojiwa aliyeachwa ahojiwe, na uhusiano wake na mtafiti uelezwe wazi katika tasnifu. Muda, mwaka mmoja. Mpaka hapo asitumie cheo cha Daktari.

Mzee Nukta alimpa mkono mlangoni.

"Mikato yako ilikuwa safi," alisema. Halafu, kwa shida: "Sura mpya uniletee mapema. Hizo nitazisoma."

Nje, juani, fundi alivua koti. "Niambie kwa lugha ya mafundi. Tumepita au hatujapita?"

"Tumepita. Lakini bado."

"Mwaka."

"Mwaka."

"Nilikuambia unyamaze." Alisema kwa uchungu, na mkewe hakujitetea. Walitembea hadi geti la chuo, yeye mbele, mke nyuma, kama watu wasiojuana. Getini fundi alisimama, akamngoja. Alikuwa bado amekasirika, na angekasirika kwa wiki nyingi. "Hili koti mwakani halitanitosha," alisema. "Ujue hilo tu."

*

Mama Mizani hakupokea simu. Pacha walipotumwa kwa bibi yao walirudi na maharage, yamepimwa vizuri na kuongezwa punje zake, bila salamu. Walipoulizwa bibi kasemaje, pacha wa miwani alijibu, "Kasema tusimwage njiani."

Basi Mama Pacha alikwenda mwenyewe. Aliwasili asubuhi, meza zikifunguliwa, akiwa na mkoba, kinasa sauti na kigoda. Alimwamkia mama yake. Mama yake aliitikia, kwa kuwa shikamoo hainyimwi jibu, kisha akaendelea kuchambua mawe kwenye maharage.

"Nimekuja kurudia mahojiano, mama. Chuo kinataka na wewe uhojiwe, na uhusiano wetu utajwe. Ningependa kuanza na wewe. Hata kama ni kungoja, nitangoja."

Mama Mizani alitazama soko lake, meza kwa meza. Alielekeza kwa kidevu.

"Kule kuna nafasi."

Kule kulikuwa mtaroni. Mama Pacha alibeba kigoda chake akapita katikati ya kina mama waliojifanya wana kazi nyingi, akaketi kando ya muuza vitunguu. Maji ya samaki yalimpita vifundoni. Harufu ilimpanda kichwani na haikushuka.

"Umeniponza, mwanangu," alisema muuza vitunguu bila kumtazama. "Nilikuwa nimebakiza kidogo anirudishe."

"Nisamehe."

"Samahani haikaushi vitunguu. Shika hapa, nisaidie kutoa vilivyooza."

Alimsaidia. Siku ile ikapita, na ya pili yake, na nyingine kadhaa. Hakuna aliyekubali kuhojiwa. Kila aliyemsogelea alitazama kwanza langoni, akakumbuka kwamba ana mteja. Kinasa sauti kilinasa maji yakitiririka. Nyumbani pacha walikataa kukaa karibu naye mezani mpaka aoge mara mbili, na fundi, ambaye bado alikuwa hacheki, alimletea viatu vya mpira vya kazini kwake na kuviweka mlangoni bila kusema ni vya nani. Mama Pacha alivivaa. Alijikuta akijua mambo ambayo hayakuwemo katika tasnifu: kwamba mtaroni humwoni mteja akiingia, unaona wanaotoka tu, mikono imeshajaa, na kwamba anayekaa pale haachi kutazama langoni, hata kama hataki.

Siku mvua iliponyesha mtaro ulifurika. Wote wawili walikuwa wamepandisha magunia juu ya meza na kusimama wakitetemeka, nguo zimewaganda, pale Mama Pacha alipoona kina mama wanapishana kufungua njia. Mama Mizani alikuja katikati ya soko, nguo ameshika magotini, kigoda chake mkononi. Alikiweka ndani ya maji yaleyale, akaketi. Alimwangalia binti yake tangu viatu vya mpira mpaka nywele zilizolowa.

"Washa hicho kidude chako."

Mama Pacha alikitoa ndani ya mfuko wa nailoni. Vidole vilikuwa baridi, akakosea kitufe, akabonyeza tena.

"Kabla hatujaanza natakiwa kukusomea haki zako," alisema. "Kushiriki ni kwa hiari. Unaweza kukataa kujibu swali lolote, na unaweza kuacha wakati wowote."

"Na uhusiano wetu uutaje. Walisema utajwe."

"Mhojiwa ni mama mzazi wa mtafiti."

"Haya. Uliza."

Muuza vitunguu aliacha kukamua nguo yake. Muuza mkaa alisogea hatua moja, na hata yule wa viatu alinyamaza.

"Katika soko hili, nani anaamua nani akae wapi?"

Mama Mizani aliyatazama maji yakimzunguka miguuni.

"Mimi," alisema. "Sasa niulize kwa nini."